Vitovu Viwili Visivyo na Nambari

Mimi ni mtu wa penseli. Ukiingia maabara yetu na biro mkononi nitakuona kabla hujafunga mlango, na nitakuuliza unataka kuandika nini nayo. Si roho mbaya. Wino wa biro huyeyuka kwenye spiriti, na kazi yetu yote hupitia kwenye spiriti. Kipande cha mwili wa mtu hutufikia ndani ya chupa ya dawa. Tunakikata, tunakitia kwenye kisanduku kidogo cha plastiki chenye vitundu, tunachokiita kaseti, tunaandika nambari ubavuni, halafu kaseti inakesha ndani ya mashine ikioga spiriti mara kadhaa kabla ya kuingizwa nta. Nambari ya penseli hutoka kama ilivyoingia. Ya biro haitoki kabisa. Zaidi ya miaka ishirini nimewaimbia watu wimbo huo, wanafunzi, wafanyakazi wapya, hata madaktari, mpaka nikapewa jina la Mama Penseli. Wananiita hivyo nikishageuka kisogo. Najua, na sijawahi kulikataa.

Maabara yenyewe iko hapa Eldoret, chini kabisa ya jengo ambalo jua hulifikia saa nne. Mwezi wa saba navaa sweta mbili ndani ya koti jeupe. Nilikuja mji huu kutoka magharibi nikiwa msichana, kama wengi tunaokaa nao mtaani Munyaka, na Jumapili kanisani kwetu ukitupa jiwe utampata mtu wa kwetu: fundi wa mawe, muuza mitumba, karani. Wakiniuliza kazi yangu nawaambia niko hospitali, basi wananiomba dawa ya kifua. Nimechoka kuwaeleza kwamba mgonjwa mzima simjui, mimi namjua kipande kipande.

Katika vyote nilivyowahi kukata, maini, figo, ngozi, matiti, ninachokipenda ni kitovu. Nasema ile kamba yenyewe inayomfunga mtoto kwa mama yake, si kovu linalobaki tumboni. Ukikikata ukapata utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ukaupaka rangi ya zambarau na ya waridi, kisha ukautazama kwa hadubini, utaona mishipa mitatu ya damu, na kuizunguka uteute. Huo uteute ni tishu unganishi ya mtu ambaye bado hajazaliwa. Ni ndugu wa ile tishu changa ambayo ndani ya mtoto hugeuka kuwa kano, mfupa na nyama ya chini ya ngozi.

Wanafunzi wakiuona mara ya kwanza wanainua vichwa. "Mathe, hii slaidi haina kitu." Nawaambia wakae chini watazame tena. Kule kweupe kuna seli, chache, zimekaa mbalimbali, kila moja na kiini chake cha mviringo kilichopauka, na kutoka kila pembe inatoa vidole vyembamba mno vinavyonyooka mpaka vikagusana na vya jirani yake. Vitabu vinasema ni umbo la nyota. Mimi huona akina mama waliotawanyika shambani asubuhi, wanaitana. Katikati yao ni ute tu, na nyuzi za waridi mbili tatu. Mimba ikiendelea, nyuzi zinaongezeka, zinashikana mafungu mafungu, na seli zinanyooka zikalala kuzifuata. Mwenye jicho akitazama atakwambia hii mimba ilikuwa changa au ilikuwa imekaribia. Wiki kamili hawezi kuijua, lakini changa na pevu hazifanani hata kidogo.

Haya, sasa nieleze nilivyofanya.

Mwanzo wa wiki hiyo, Jumatatu, zilikuja chupa mbili kutoka wodi ya akina mama. Zote zilikuwa za watoto waliozaliwa bila uhai Jumamosi na Jumapili. Kila chupa ilikuwa na kipande kifupi cha kitovu, kama pingili moja ya kidole, na karatasi yake. Daktari wa wodi alitaka kujua kama kulikuwa na uambukizo. Karatasi moja ilikuwa ya mama kutoka Ainabkoi, mimba ya wiki ishirini na moja. Ya pili ilikuwa ya mama wa Munyaka, mtaa wangu mwenyewe ingawa simjui, wiki thelathini na nne. Ungetegemea kimoja kiwe chembamba na kingine kinene. Wapi. Cha mtoto mdogo kilikuwa kimevimba maji, cha mkubwa kimesinyaa, vikatoshana kama pacha.

Nilivikata vyote viwili vikaishia kwenye kaseti, chupani hakikubaki kitu, na chupa zikaenda kuoshwa. Nikashika penseli niandike nambari. Ncha ikavunjika. Kichongeo hakipo, kuna mtu amekiazima, na kichongeo cha maabara kikiazimwa usikitafute. Saa yangu inasema tisa na dakika arobaini, na mashine ni lazima iwashwe saa kumi ili imalize asubuhi. Biro ilikuwa juu ya daftari. Nikasema moyoni, wacha niweke alama kwa hii, nikipata penseli narudia kabla sijawasha. Nikaandika. Hapo hapo stima ikapotea. Jenereta ikagoma, nikaanza kukimbizana na fundi huku na huku, na stima iliporudi niliwasha mashine mbio mbio, nikachukua mkoba nikaenda nyumbani. Nilikula sukuma na ugali nikalala fofofo. Ndicho kinachoniudhi mpaka leo, kwamba nililala vizuri.

Asubuhi nikafungua mashine. Kaseti zote zilikuwa na nambari zake isipokuwa mbili. Mbili zilikuwa nyeupe pe.

Nilikaa kwenye kiti nikazitazama. Mtu aliyewagombeza watu nusu ya umri wake kwa ajili ya biro. Nyani haoni kundule, na mimi siku hiyo niliona la kwangu lote. Nilipopata nguvu nikavitia vitovu kwenye nta kama kawaida, nikapata vibonge viwili vya nta vinavyofanana, kila kimoja na duara jeupe katikati ukubwa wa punje ya dengu, nikavifungia kwenye droo yangu.

Sikumwambia mtu. Daktari wetu, yule anayesoma slaidi na kuandika ripoti, ni mzee mrefu wa kutoka kando ya ziwa, mtu wa suti hata Jumamosi, anayeongea polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Aliniuliza, "Madam, zile mbili za wodi ya akina mama ziko wapi?" Nikamwambia zinahitaji muda. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia mashine ilisumbua. Mashine ilikuwa nzima kama ng'ombe. Na dawa ya shida yangu niliijua toka dakika ya kwanza: kata, paka rangi, tazama, changa ni ya Ainabkoi na pevu ni ya Munyaka. Lakini ningekata vibonge visivyo na nambari mbele ya nani? Kutazama kulikuwa ni kukiri, na mimi nina kiburi, Mungu anisamehe. Nikawa nafungua droo, naviangalia, nafunga.

Alhamisi, muda mfupi baada ya chai ya saa nne, mlangoni pakabishwa hodi. Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na minane, gambuti miguuni zina tope, shuka amejifunga kifuani juu ya koti. Alisimama kizingitini asikanyage ndani.

"Daktari, samahani."

"Mimi si daktari, mama. Unatafuta nani?"

Akatoa karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodi. Niliposoma Ainabkoi, jicho langu lilikimbilia droo. Niliposoma jina la baba wa mtoto nikajua ni watu wa kwetu, nikamwamkia kwa lugha yetu, mulembe, akaitikia, na mabega yake yakashuka kidogo. Huenda ilikuwa salamu ya kwanza ya kinyumbani aliyopata humo ndani siku zote hizo.

"Mtoto wangu alizaliwa hapa Jumamosi," alisema. "Hakuwa hai. Jumanne tumemzika. Lakini sister wa wodi aliniambia kitovu chake kililetwa huku."

"Kililetwa."

"Nimekuja kukichukua."

Nikamwambia aingie, nikamvutia kiti. Kwetu haihitaji maelezo, lakini alinieleza, na nikamwacha aeleze maana niliona anataka kusema. Kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani kwao. Mtu akiulizwa kwenu ni wapi, kwao ni pale kitovu chake kilipozikwa, hata akiishi Mombasa, hata akiishi ng'ambo. Mumewe alikuja Ainabkoi kuvuna viazi vya watu. Wamevuna viazi vya watu miaka saba, mwaka jana wakapata robo eka yao.

"Hapo kwetu hapakuwa na kaburi hata moja," alisema. "Yeye ndiye wa kwanza. Sasa Jumamosi mama mkwe anatoka nyumbani na watu wa kanisa, wanakuja kumwombea. Ataniuliza kitovu kiko wapi. Na hata asiponiuliza, mama, mimi mwenyewe silali. Naona kama nimemzika nusu, nusu nimeiacha mjini kwa chupa."

Hakulia. Alikuwa amekunja kitambaa cheupe, kipya, bado kina mistari ya kukunjwa dukani, amekishika mapajani kwa mikono miwili. Ndicho alichokuja nacho cha kukibebea.

Nilifungua kinywa nimwambie arudi wiki ijayo. Sentensi nzima ilikuwa tayari: ripoti haijatoka, utaratibu ni huu na huu. Ni sentensi ambayo nimeisema mara nyingi na watu hurudi kweli wiki ijayo. Ila huyu Jumamosi yake haikuwa na wiki ijayo. Na kumpa kibonge kimoja kwa kubahatisha, hilo lilinipitia akilini, sitaficha. Angeondoka ameridhika. Halafu maisha yangu yote ningekuwa najua kwamba labda kwenye lile kaburi la kwanza la robo eka nimezika kitovu cha mtoto wa watu.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Nilikunywa chai asubuhi."

Nikammiminia chai yangu ya chupa, nikampa mkate, nikamwambia anisubiri, itachukua muda lakini leo hataondoka bure. Nikafungua droo, nikachukua vile vibonge viwili, nikaenda kwa daktari.

Mficha uchi hazai. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: penseli, biro, stima, uongo wa mashine. Yeye alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Nilitaka anifokee nimalize.

"Kwa hivyo hata wewe, Madam," alisema.

"Hata mimi."

"Na mama yuko wapi?"

"Kwenye kiti changu."

Akafikiri kwa ule mwendo wake wa konokono. "Kata vyote viwili," akasema. "Weka alama yoyote lakini usiniambie wewe unaona nini. Nitatazama peke yangu. Tukikubaliana, tunajua. Tusipokubaliana, tunamwambia mama ukweli, mimi na wewe pamoja." Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa neno hilo "pamoja".

Nikavipoesha vibonge juu ya barafu, ingawa kwa baridi ile barafu ilikuwa mapambo tu. Kimoja nikakichora msalaba ubavuni, kingine duara, kwa penseli ndiyo. Nikakata. Utando ukitoka kwenye kisu hufuatana kama utepe, unaulaza juu ya maji ya uvuguvugu unanyooka, unauteka kwa kioo. Mikono yangu imefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyosonga ugali, na bado siku hiyo utepe wa kwanza ulikatika, nikaanza upya. Kupaka rangi, kukausha, kufunika. Mama wa Ainabkoi alikuwa akinitazama toka mwanzo hadi mwisho bila kuuliza kitu. Sijui alidhani nafanya nini.

Niliweka ya duara kwanza. Nyuzi za waridi zilijaa, zimeshikana mafungu, zimepindana kuzunguka mishipa, na seli zimekuwa nyembamba zimelala katikati yake. Nikaitoa nikaweka ya msalaba. Hapo palikuwa peupe. Seli moja hapa, nyingine kule, viini vimepauka, vidole virefu vyembamba vimenyooshwa kila upande, na nyuzi chache kama ndiyo kwanza zinaanza kusokotwa. Maji ya uvimbe yalikuwa yamezisukuma seli mbali zaidi ya kawaida, nikajilazimisha nisikimbilie kusema, nikatazama pembeni ambako hapakuvimba. Ni vilevile. Mimba changa kabisa, bado iko mwanzoni. Nikahisi machozi, nikayafuta na mkono wa sweta.

Nikampelekea daktari bila neno. Alitazama ya msalaba, ya duara, akarudi kwenye msalaba, akakaa hapo mpaka nikahesabu vigae vya ukuta.

"Msalaba ni wiki ishirini hivi," alisema. "Duara amepita thelathini. Sina wasiwasi."

"Mimi pia sina."

Akatia sahihi karatasi ya kumrudishia mama kilicho chake. Slaidi zibaki kwa ajili ya ripoti, alisema, kibonge kiende.

Lakini ningempa vipi mwanamke mwenzangu kibonge cha nta akazike mshumaa? Nikarudi nikayeyusha nta kwa moto mdogo, nikakitoa kile kiduara kwa kibano, nikakiosha nta yote ikaisha, nikakirudisha kwenye spiriti, kutoka kali hadi hafifu, kisha maji, njia yote ile kinyumenyume. Hakuna kitabu cha kazi kinachosema ufanye hivyo. Kilipomaliza kilikuwa kidogo, cheupe, laini kiasi, ukikishika unajua hii ni nyama ya mtu. Ilikuwa imefika saa nane na nusu. Chai yake ilikuwa imeisha lakini mkate alikuwa ameula nusu tu, nusu ameifunga, labda ana mtoto mwingine nyumbani. Sikuuliza.

Nikamwonyesha juu ya shashi safi. "Kilikuwa kikubwa kidogo," nikamwambia. "Kazi yetu imekipunguza. Pole."

Alikitazama. "Ni chake? Una hakika?"

Ningeweza kusema ndiyo, na isingekuwa uongo. Daktari alikuwa ameshasema hana wasiwasi. Nani angejua? Lakini alinitazama machoni, na mimi nimezaa wanne na kuzika mmoja, basi nikakaa kwenye stuli mbele yake nikamwambia. Kwamba vilikuwa viwili. Kwamba niliandika nambari vibaya zikafutika, mimi, si mtu mwingine. Kwamba siku zote hizo nilikaa kimya, na kama asingekuja huenda ningekuwa kimya mpaka leo.

Uso wake ulibadilika. "Kwa hivyo ungenipa wa mtu."

"Ningeweza kukupa wa mtu."

"Na mimi ningemzika."

"Ndiyo, mama."

Angenitukana, ingekuwa haki yake. Mwishowe alisema, "Sasa mmejuaje?"

Nikamwambia aje atazame. Nikaishusha hadubini, nikaiweka slaidi ya msalaba, nikamfundisha kufumba jicho moja asipoweza kutumia yote mawili. Alikaa muda akitafuta, kisha mwili wake ukatulia, nikajua ameona. Nikamwelekeza kama ninavyowaelekeza wanafunzi, ila sauti niliishusha. Hizo ni seli. Hivyo ni vidole vyao. Huo weupe ni ute, ndio uliokuwa unailinda mishipa isibanwe. Nyuzi bado ni chache kwa sababu mimba ilikuwa bado changa. Ndivyo tulivyojua.

"Wamekaa mbalimbali," alisema.

"Fuata kidole kimoja mpaka mwisho."

Akafuata. "Amemshika mwenzake."

"Ndiyo."

"Na huyu." Alihama polepole, mkono wake juu ya mkono wangu kwenye gurudumu la kusogezea slaidi. "Na huyu pia. Wote wameshikana." Ndipo alipolia, jicho likiwa bado kwenye hadubini, machozi yakashuka kwenye lenzi, na mimi niliyewahi kumfukuza mwanafunzi kwa kugusa lenzi na kidole sikusema kitu. "Uso alikuwa nao, lakini nilidhani ndani ni damu tu," alisema. "Wodini waliniambia, wiki hizo bado, ni kama damu. Kumbe alikuwa anajengwa."

"Alikuwa anajengwa, mama. Hapakuwa na fujo. Kila kitu kilikuwa kwenye njia yake."

Alijifuta na ncha ya shuka. Kile kitambaa cheupe hakukitumia. Halafu akaomba kuona ile nyingine. Nilisita, nikaona si vibaya, haina jina, nikaweka. Aliitazama muda mfupi tu.

"Huyu alikuwa amekaza," alisema. "Alikuwa karibu kuja."

"Alikuwa karibu."

"Mama yake ameshafika kukichukua?"

"Hapana."

"Mmemwita?"

"Hatujamwita."

"Anajua kiko hapa?"

Kwa siku zote hizo vile vibonge viwili vilikuwa aibu yangu, nambari zangu, droo yangu. Huyu ndiye niliyemtafutia chake, kwa sababu alikuja akakaa kwenye kiti changu. Yule mwingine nilikuwa nimemtumia kama kitu cha kulinganishia. Alikuwa wa mtaa wangu, na sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba ana kitambaa chake mahali.

Mama wa Ainabkoi alikunja shashi ndani ya kitambaa, akakunja tena, akakitia ndani ya nguo kifuani. Nilimsindikiza mpaka nje, tukasimama kidogo kwenye jua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyowashika wafiwa, ilhali mfiwa ni yeye. "Mpigie," aliniambia, na akaenda zake kutafuta gari la kwao.

Nilirudi nikachukua ile karatasi ya pili. Nambari ya simu ilikuwa pale chini, imeandikwa kwa mkono wa haraka wa wodi. Nilipiga. Ikaita sana, nikataka kukata, ndipo sauti ya mwanamke ikaitika, ya chini, ya mtu ambaye hajaongea siku hiyo. Nikataja jina lake nikauliza kama ni yeye. Akasema ni yeye. Nikamwambia napiga kutoka maabara ya hospitali, kwamba kitovu cha mtoto wake kiko kwetu, na akitaka kukichukua ni haki yake.

Nilisikia pumzi yake, na kwa mbali redio ya jirani.

"Nilidhani mlikitupa," alisema. "Nilikuwa naogopa kuuliza, nisije nikaambiwa ndiyo."

"Hatukukitupa, mama. Kiko hapa."

"Mnafunga saa ngapi?"

Tunafunga saa kumi na moja, na ilikuwa inakaribia saa kumi. Nikamwambia aje tu, hata akichelewa atanikuta.